Lángos Bora Iko Wapi?

Muhula uliopita wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walinishitaki mbele yangu mwenyewe. Nilikuwa nimewasimulia habari za safari yangu ya Hungaria, na katika masimulizi hayo nilisema kwamba lángos niliyoila katika soko moja la mtaa, upande wa magharibi wa mji wa Budapest, ilishinda zote nilizozionja katika nchi ile. Kesho yake kijana mmoja alisimama akaniambia kwa adabu kamili, "Mwalimu, tumetazama. Wasafiri wengi waliofika huko hawakubaliani nawe. Wamepanga orodha ya kumi bora, na soko lako halimo." Darasa zima likacheka. Nami nilicheka pamoja nao, walakini kicheko changu hakikutoka moyoni, maana niliona kwamba vijana wale wamehesabu wasemaji bila ya kuuliza wasemaji hao wamejuaje wanayoyasema. Kengele ililia kabla sijawajibu. Basi jawabu langu ni hili, na kwa kuwa sasa wao hawawezi kulikatiza, nitalieleza kwa kituo.

Kwanza yafaa msomaji aijue lángos yenyewe. Jina hilo hutamkwa "laangosh", na asili yake ni neno la Kihungaria láng, maana yake mwali wa moto. Ni unga wa ngano uliokandwa kwa hamira, chumvi na maji au maziwa, pengine na viazi vilivyochemshwa na kupondwa. Kinyunga huachwa kiumuke, kisha donge moja hutandazwa kwa mikono iliyopakwa mafuta mpaka liwe pana kama sahani, jembamba katikati na nene ukingoni, ndipo litiwe katika mafuta mengi yenye moto mkali. Likiisha kuwa la rangi ya dhahabu hutolewa, hupakwa maji ya kitunguu saumu, hutiwa krimu chachu juu yake, na mwisho hunyunyiziwa jibini iliyoparuzwa. Hapo mlaji hulishika kwa karatasi akalila lingali likiunguza vidole. Mtu wa pwani yetu akisikia habari hii huona moyoni mwake hamri. Yu karibu, lakini hajafika. Hamri ina sukari, iliki na tui la nazi, na ikipoa haiharibiki. Yaweza kungoja chai ya asubuhi tangu usiku. Lángos haina sukari, na haingoji mtu. Fikira hiyo ya kutongoja naomba msomaji aishike, kwa sababu hoja yangu nzima imejengwa juu yake.

Zamani lángos haikukaangwa. Katika nyumba za wakulima wa Hungaria mkate ulipikwa nyumbani kwa tanuri, na siku ya kuoka mama wa nyumba alikata kipande cha kinyunga cha mkate, akakitandaza, akakiweka karibu na mdomo wa tanuri, mahali ambapo miali ya moto ilikuwa bado ikiwaka. Ndiko lilikotoka jina. Mkate mkubwa ulihitaji muda mrefu. Kipande hiki kiliiva upesi, kikaliwa na watoto kuwa chakula cha asubuhi. Katika karne ya 20 watu wengi waliacha kuoka mkate nyumbani wakawa wakiununua, matanuri yakazimika, nayo lángos ikahama kutoka kwenye tanuri ikaingia katika mafuta. Ilipata makao mapya masokoni, katika vituo vya treni, na zaidi ya yote katika fuo za Ziwa Balaton, ambako wafanyakazi wa nchi ile, katika miaka ya utawala wa kikomunisti, walipelekwa kupumzika katika nyumba za vyama vya wafanyakazi. Watu waliotoka majini wana njaa, hawana viatu, hawana nguo za kuingilia hotelini. Lángos iliwafaa.

Naleta historia hii kwa sababu wanaojidai kujua "lángos ya asili" hupenda kulitumia neno asili kama fimbo. Mmoja atasema iliyokaangwa ndiyo ya asili. Mwingine atasema hapana, ni ile ya tanuri, ambayo hata leo huuzwa katika sherehe na maonyesho, ikipambwa kwa nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, vitunguu na krimu. Ugomvi wa bure! Zote mbili zina ukoo mmoja. Ni chakula cha kinyunga cha siku hiyo hiyo, kilichopikwa machoni pa mwenye kukila, akakila kabla ya joto kumtoka. Penye sharti hili pana asili, na lisipokuwapo, hata ukiandika neno asili juu ya mlango kwa herufi za dhahabu, hukupata kitu.

Sasa tuziendee orodha. Mji wa Budapest una soko kuu lililofunguliwa mwaka 1897 penye mwisho wa Daraja la Uhuru upande wa Pest, kazi ya mjenzi Samu Pecz. Ni jengo la fahari, nguzo zake za chuma, paa lake la vigae vya rangi. Kulitazama tu kwatosha kumlipa mtu nauli ya tramu. Chini huuzwa mboga, nyama, pilipili nyekundu ya unga na soseji. Juu kuna vibanda vya chakula, na humo hukaangwa lángos. Orodha nyingi huanzia hapo, na nyingine huishia hapo hapo. Mbona? Kwa sababu kila mtalii hufika katika jengo hilo, na afikapo ana njaa, na akiisha kula huandika. Kumbe kinachohesabiwa katika orodha ni miguu ya wapitaji! Laiti vibanda vile vingepandishwa juu ya kilima kisicho na njia, tungeona kama sifa ingepanda navyo.

Sisemi kwamba mahali pengi pa kupitiwa na wageni ni lazima pawe na chakula kibaya. Nasema jambo lingine, nalo ni zito zaidi: mgeni hawezi kumwadhibu mwuzaji. Fikiri, msomaji. Mama anayekaanga katika soko la mtaa akiuza leo lángos iliyolala, kesho mwenye kuinunua atapita mbele yake na kikapu mkononi, atamsalimu kwa upole, naye atanunua kwingine. Baada ya juma moja mtaa mzima umejua. Mtalii akiuziwa iliyolala, atafanya nini? Kesho yu Vienna. Na kwa kuwa hajapata kula nyingine, hana cha kupimia. Huenda akaona kwamba ndivyo ilivyo, akaenda zake akaisifu. Hivyo mwuzaji mbovu hupata thawabu ya mwuzaji mwema, na mwuzaji mwema aliye jirani naye hupata shida ya kuona jitihada yake haina bei. Mimi nalaumu zaidi kawaida hii kuliko wauzaji wenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa yalinipata. Mwezi wa Agosti, mwaka 2023, shule zilipofungwa, nilikwenda kumtembelea ndugu yangu mdogo, ambaye ni mmoja wa vijana wa Kenya waliopewa na serikali ya Hungaria nafasi za kusoma katika vyuo vyake. Nauli ilikuwa akiba yangu ya miaka mitatu, basi nilikuwa nikihesabu kila sarafu. Siku ya kwanza, ndugu yangu akiwa kazini, niliiamini karatasi niliyokuwa nayo mfukoni, yenye majina ya mahali palipopendekezwa na wasafiri. Nilikiendea kibanda kimoja. Jina lake nimeliacha, maana kijana aliyeniuzia hakuwa mwenye kibanda. Palikuwa na mstari mrefu, nami nikafurahi. Zamu yangu ilipofika niliona kwamba lángos zimekwisha kukaangwa zamani, zimepangwa moja juu ya nyingine kama sahani kabatini. Moja ilichukuliwa, ikatiwa motoni kidogo, ikafunikwa kwa vipande vya soseji, mahindi, vitunguu vyekundu na krimu nyingi mno hata haikuonekana. Ilinyumbulika kama ngozi. Bei yake nilipoigeuza kuwa shilingi za kwetu niliona aibu kuiandika katika daftari langu.

Ndugu yangu aliporudi jioni nilimsimulia, akashika kichwa. "Kaka," akasema, "ulimwona hata Mhungaria mmoja katika mstari ule?" Nilinyamaza. Sikuwa nimetazama.

Hapa lazima niseme kidogo juu ya mafuta na moto, maana wanafunzi wangu watadai sababu, na ni haki yao. Kinyunga cha lángos ni laini, kina maji mengi. Kikiingia katika mafuta ya joto la nyuzi 180 au karibu yake, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo ukitoka kwa nguvu huyasukuma mafuta yasiingie. Juu hukauka, ndani hubaki pumzi na ulaini. Mafuta yakiwa baridi, mvuke hauna nguvu, mafuta hupata njia, na mlaji hupata kitambaa kilicholowa. Ikiisha kutolewa, mvuke uliobaki ndani haukomi kutoka. Huupitia ule ukoko mkavu na kuulegeza. Dakika chache zinatosha. Ndiyo sababu lángos iliyopangwa imekwisha kufa, na moto wa pili haumfufui maiti. Na ndiyo sababu marundo ya soseji na mahindi yananitia shaka: mzigo ule wote una maji na uzito, hulegeza ukoko upesi zaidi, na tena huficha uso wa kinyunga. Kitunguu saumu, krimu na jibini havifichi kitu. Mwenye kinyunga kizuri haogopi kukuonyesha.

Basi niko tayari kuwajibu vijana wangu kwa majina ya mahali. Lángos bora ya Budapest yatafutwa katika masoko ya mitaa, asubuhi, siku ambayo wenyeji hununua mboga. Upande wa Buda kuna soko la barabara ya Fény, karibu na uwanja wa Széll Kálmán, ambako tramu nyingi hukutana. Hilo ndilo soko langu lisilomo katika orodha ya kumi. Kusini zaidi, upande ule ule, kuna soko la Fehérvári. Upande wa Pest kuna soko la Lehel, jengo la rangi nyingi mno lililofunguliwa mwaka 2002. Wenyeji wengine hulicheka kwa sura yake inayofanana na meli, lakini hawakosi kuingia. Haya ni masoko ya watu wenye vikapu. Utawaona wazee wamesimama kwenye meza ndefu zisizo na viti, wanakula bila ya kusema, krimu ikiwagusa pua, na hapana anayewapiga picha.

Katika soko la Fény ndugu yangu alinisimamisha nyuma ya bibi mmoja mwenye kikapu cha matango. Mwuzaji alikata donge, akalitandaza mbele ya macho yetu, akalitia katika karai. Bibi yule aliagiza ya kitunguu saumu peke yake. Alipoipokea aliigonga kidogo kwa ukucha, akaisikiliza kama fundi asikilizaye chungu, ndipo akalipa. Nasema kweli, mtihani ule wa ukucha ulinifunza zaidi ya karatasi yote iliyokuwa mfukoni mwangu. Nami niliigonga yangu. Ililia.

Kisha kuna Balaton. Ziwa hili ndilo kubwa kuliko yote katika Ulaya ya Kati. Urefu wake ni kiasi cha kilometa 77, walakini kina chake kwa wastani ni meta 3 na kidogo, na upande wa kusini mtu mzima hutembea mbali ndani ya maji kabla hayajamfika kifuani. Kwa Mhungaria, kiangazi bila Balaton si kiangazi, na Balaton bila lángos ni maji tu. (Jirani wa lángos katika vibanda vya huko ni samaki wa kukaanga aitwaye hekk, ambaye hatoki ziwani kabisa, hutoka baharini, tena kwa safari ya mbali, Wahungaria humla kando ya ziwa lao kwa furaha, wala hawaoni ajabu.) Ukiuliza wenyeji kumi lángos bora ni ipi, aghalabu watakutajia kibanda cha ufukwe walichokwenda na wazazi wao. Mpinzani wangu atasema, "Hapo basi, hayo ni mapenzi ya utotoni, si ushahidi." Nakubali nusu. Mapenzi yapo. Lakini ule ufukwe una jambo ambalo mji hauna: katika Julai na Agosti walaji hawakatiki, kinyunga hakipati nafasi ya kulala, na mlaji hana safari ndefu kutoka karai hadi kinywa. Nje ya miezi hiyo vibanda vingi hufungwa, na atakayekwenda Machi kutafuta lángos ya ufukweni atakutana na upepo.

Sasa nafika penye uchungu. Mwaka 2022 vita vilipozuka Ukraine, bei ya mafuta ya alizeti, ambayo ndiyo mafuta ya lángos, ilipanda vibaya, na unga nao haukubaki nyuma. Serikali ya Hungaria ilikuwa imekwisha kuweka kikomo cha bei madukani kwa vyakula kadhaa, mafuta hayo na unga vikiwamo, tangu Februari 2022. Kikomo hicho kiliondolewa Agosti 2023, mwezi ule ule niliokuwa huko. Katika majira ya baridi kati ya miaka hiyo miwili bei za vyakula kwa jumla zilizidi za mwaka uliotangulia kwa zaidi ya asilimia 40. Magazeti ya nchi ile kila kiangazi hugombana juu ya bei ya lángos ya Balaton kana kwamba ni hesabu ya serikali, na mgeni huwacheka. Mimi sikucheka. Hiki ni chakula kilichozaliwa na masalio ya kinyunga, kikalelewa na watu waliokuwa na fedha kidogo na siku chache za kupumzika. Mwuzaji ana gharama zake, tena msimu wake ni wa miezi miwili au mitatu, simlaumu. Lakini bei ikipangwa kwa kumtazama mgeni, ambaye kwake ni fedha ndogo, yule bibi wa matango atatoka katika mstari. Na akitoka yeye, ametoka mwenye kugonga kwa ukucha. Nani atabaki kumwambia mwuzaji kwamba leo mafuta yake ni baridi? Orodha ya kumi bora haina ukucha.

Ndiyo maana nakataa hoja ya kijana wangu aliyesema kwamba "wengi hawawezi kukosea". Wengi gani? Mtu elfu waliokula mara moja moja, kila mmoja bila ya kulinganisha, hawafanyi shahidi mmoja kamili. Mtu mmoja aliyekula mahali pale mara mia, tena kwa fedha yake ya kujinyima, namsikiliza kabla ya elfu hao. Wala asiniambie kwamba najipinga mwenyewe kwa kuwa na mimi nilikuwa mgeni wa juma mbili. Ni kweli nilikuwa mgeni. Sikulichagua soko la Fény kwa ulimi wangu. Nililichagua kwa kufuata vikapu.

Wako pia wale wasemao kwamba safari ya Budapest haihitajiki, kwa kuwa lángos huuzwa Slovakia, na katika maonyesho ya Ucheki, na Serbia, na Romania ambako Wahungaria wengi wanakaa. Huko sijafika, basi nanyamaza.

Jumapili moja, tarehe 20 Agosti, ambayo ni sikukuu ya taifa lao na pia sikukuu ya mkate mpya wa mavuno, ndugu yangu alinipeleka tena ziwani kwa treni. Tulikuta vibanda vitatu karibu karibu. Cha kwanza kilikuwa na ubao wa lugha nne na picha za rangi. Cha pili hakikuwa na mtu. Mbele ya cha tatu walikuwa wamesimama watoto wenye nywele zilizolowa maji, na baba mmoja aliyebeba boya la mpira begani, na kikongwe aliyefunga taulo kiunoni. Ubao wake ulikuwa wa Kihungaria peke yake, umeandikwa kwa chaki, na bei moja ilikuwa imefutwa ikaandikwa upya. Ndugu yangu alinitazama, hakusema neno. Nilikwenda nikasimama nyuma ya kikongwe.